Shajara ya mradi: Mara ya mwisho tuliita lini?

Shajara hii naiandika mimi, katibu wa kamati ya umisheni ya kanisa letu. Mradi ni wa mwaka mmoja, na lengo lake tuliliandika kwa sentensi moja: kanisa zima lishiriki kazi ya familia tunayoituma, si kamati peke yake. Familia yenyewe ni mume, mke na mtoto mmoja. Wanakwenda kwa watu wa lugha nyingine, na wameomba majina yao na mahali watakapokuwa visiandikwe popote, kwa hiyo humu nitawaita "wenzetu". Wengine wote nitawataja kwa kazi zao.

Wiki ya 1

Kikao cha kwanza. Mweka hazina alikuja na daftari la washirika, akataka tuchukue mahitaji ya wenzetu ya mwezi, tuyagawe kwa idadi ya majina, tupate kiwango cha kila mtu, tufunge kwa sala. Hesabu yake ilikuwa sahihi na ingetuchukua nusu saa. Mchungaji akalivuta lile daftari, akasoma jalada kwa sauti: "Daftari la Washirika." Akauliza, "Wanashiriki nini?"

Tukacheka. Kisha tukaanza kujibu kweli. Ibada, mmoja akasema. Meza ya Bwana. Sadaka. Misiba. Hakuna aliyetaja umisheni, na sisi ndio kamati ya umisheni.

Naandika hapa nisije nikasahau: Paulo anapowashukuru Wafilipi mwanzoni mwa barua yake, anawashukuru kwa ushirika wao katika kuieneza Injili tangu siku ya kwanza. Alipokuwa Thesalonike walimpelekea msaada, tena zaidi ya mara moja. Yeye hawaiti wafadhili. Anawahesabu kuwa wamo kazini pamoja naye.

Suala la viwango limeahirishwa. Mweka hazina hakufurahi.

Wiki ya 3

Vikundi vya nyumbani vimesoma Matendo 13. Nilidhani kila kikundi kingerudi na lile somo la siku zote kuhusu wito. Kikundi cha vijana kikarudi na swali. Antiokia kulikuwa na manabii na walimu watano waliotajwa kwa majina: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio Mkirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Wawili wakaondoka. Wale watatu walibaki kufanya nini?

Luka anasema walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Halafu anasafiri na wale wawili: Kipro, Perga, Antiokia ile nyingine ya Pisidia, Ikonio, na Listra ambako Paulo alipigwa mawe akaburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa. Mwisho wa sura ya 14 ndipo wanaporudi, wanalikusanya kanisa na kulieleza yote, kisha wanakaa nao si muda mfupi.

Vijana wanasema mradi wetu unawahusu wale watatu. Nimelipenda hilo kuliko lengo letu rasmi. Lengo sijaligusa, maana limeshapitishwa na baraza la wazee na sitaki kikao kingine.

Wiki ya 4

Ibada ya kuwatuma. Ratiba ilisema wachungaji na wazee tu ndio watakaowawekea mikono, lakini watu walisogea wenyewe, asiyewafikia akaweka mkono begani mwa aliye mbele yake, mpaka mlangoni. Mtoto wao akalala katikati ya maombi. Machozi mengi, picha nyingi, ahadi nyingi. Ahadi zote nimeziandika, ila nina umri wa kutosha kutoziamini sana ahadi za siku ya machozi.

Wiki ya 7

Mnyororo wa maombi, yaani zamu zetu za kuwaombea wenzetu mchana na usiku, umekatika.

Tuliiga Herrnhut, kijiji cha Wakristo waitwao Wamoravian huko Saxony, Ujerumani. Mwaka 1727 wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikome, na utaratibu huo ukadumu zaidi ya miaka 100. Miaka mitano tu tangu waanze, mwaka 1732, walituma wamisionari wao wa kwanza. Sisi tumedumu siku 19.

Pengo lilikuwa kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri. Waliojiandikisha walikuwa na nia, lakini usingizi hauna adabu. Nami nilikuwa mmoja wao: zamu yangu ya saa 9 nimeiomba sawasawa mara mbili, siku nyingine nimeamka nimelalia daftari. Tukakaribia kuufuta usiku wote.

Ndipo ndugu mmoja mlinzi, ambaye sijawahi kumwona kwenye kamati yoyote kwa sababu vikao vyetu huwa wakati amelala, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwuliza yeye. Saa hizo yuko macho, anazunguka na tochi, na kuomba hakumzuii kuangalia geti. Muuguzi wa zamu za usiku naye akasema hivyo hivyo. Sasa usiku wameushika watu wanne: walinzi wawili, muuguzi huyo, na mama mwenye mtoto mchanga aliyeniambia, "Katibu, mimi saa tisa usiku niko kazini kila siku, niandike."

Kumbe tulikuwa tunawatafutia usingizini watu ambao tayari wako macho.

Wiki ya 8

Barua ya kwanza ya wenzetu imefika, muhtasari umesomwa kwenye matangazo. Mengine hakuna.

Wiki ya 11

Barua ya pili nayo imetangazwa. Mchungaji alihubiri habari za William Carey, mshona viatu wa Uingereza aliyekuja kuwa mchungaji. Mwaka 1792 Wabaptisti wachache walikutana Kettering wakaunda chama cha kutuma wamisionari, na mwaka uliofuata Carey akaenda India. Katibu wa chama, Andrew Fuller, aliifananisha kazi ile na mgodi wenye kina ambao hakuna aliyewahi kuupima: Carey alikubali kushuka, wao wabaki juu wameshika kamba. Fuller aliishika mpaka alipofariki mwaka 1815.

Mfano huo hupendwa, na nilijua ungeishia kwenye "amina". Baada ya ibada fundi wa visima akanivuta pembeni.

"Katibu, mahubiri mazuri, ila naona mchungaji hajawahi kushika kamba ya kisima."

Akanieleza. Wa juu hakai tu ameshika. Anaita, wa chini anaitika. Ndoo ikijaa, kamba inatikiswa. Ukipita muda hujasikia kitu unaita, usipoitikiwa unavuta haraka, maana kule chini hewa huweza kuharibika na mtu akalegea kimyakimya bila hata kupiga kelele. "Sasa sisi," akasema, "mara ya mwisho tuliita lini?"

Nikamwambia barua zao zinakuja kila mwezi.

"Hiyo ni wao wanatuita sisi. Mimi nimeuliza sisi."

Nimeliandika. Sijui la kulifanyia.

Wiki ya 15

Wiki hii naiandika kwa aibu.

Barua ya tatu ilifika Alhamisi, kurasa tatu. Nikafanya kama nilivyofanya zile mbili: nikaisoma, nikaipunguza, nikapeleka mistari minne kwenye matangazo. Naibandika kama ilivyosomwa:

"Wenzetu wanawasalimu. Kazi inaendelea vizuri. Wanajifunza lugha. Tuzidi kuwaombea na kuzikumbuka ahadi zetu."

Baada ya ibada, bibi anayekaa safu ya pili alikuwa ananisubiri mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi yule mtoto wao anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa, jina halikuja. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, na nilipoihesabu baadaye jina la mtoto limo mara sita.

"Kila asubuhi namwombea," akasema. "Nasema, Bwana, na yule mtoto. Wewe Mungu unamjua, lakini mimi naona haya kumwita 'yule' kama mtoto asiye na kwao."

Nikaitoa barua nikamsomea palepale mlangoni, mwanzo mpaka mwisho. Watu wakaanza kusogea. Ukurasa wa pili una habari kwamba mtoto alipata homa siku nne. Mama yake hakujua "homa" inaitwaje kwa lugha ya pale, akatoka nje amembeba, akauchukua mkono wa jirani na kuuweka kwenye paji la uso la mtoto. Jirani akaingia ndani bila neno, akachemsha maji, akakaa nao mpaka usiku wa manane. Ni mtu wa kwanza kukanyaga ndani ya nyumba yao tangu wafike.

Hayo yote mimi niliyageuza kuwa "Kazi inaendelea vizuri. Wanajifunza lugha."

Bibi akauliza kama huyo jirani naye ana watoto. Nikasema sijui, barua haikusema. "Basi waulize," akasema, na akaondoka taratibu akilitajataja jina la mtoto kwa sauti ndogo, kama mtu anayejifunza namba ya simu.

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka matangazo yawe mafupi, na wazee hupenda matangazo mafupi. Lakini nikifikiria mlinzi anayezunguka na tochi saa 9 usiku, na kitu pekee alichopewa cha kuombea ni ile mistari yangu, nashindwa kujitetea.

Wiki ya 16

Kikao cha dharura, nimekiitisha mwenyewe. Tumekubaliana barua isomwe yote kanisani. Wenzetu wataiandika kwa sehemu mbili: ya kusomwa mbele ya watu wote, na nyingine fupi kwa kikundi cha watu saba, kwa yale ambayo yakitangazwa yanaweza kuwaletea matatizo wao au majirani zao. Msomaji atakuwa wa zamu na asiwe mjumbe wa kamati. Barua itatumwa moja kwa moja kwake, isipitie kwangu. Hili la mwisho nilipendekeza mimi, na bado liliniuma.

Mwenyekiti alihofia muda. Mchungaji akatukumbusha kwamba Herrnhut walikuwa pia na siku maalumu kila mwezi ya kusoma barua na taarifa za waliotumwa mbele ya jamaa wote. Sisi tuliiga saa zao tukaziacha barua zao.

Wiki ya 19

Barua ya nne, msomaji alikuwa dereva. Dakika 11. Alikwama kwenye maneno mawili, akacheka, watu wakacheka naye. Tangazo la ukarabati wa viti likakosa nafasi na hakuna aliyeuliza.

Wiki ya 20 hadi 23

Kwenye barua ya nne wenzetu walisema watoto wa jirani hukusanyika mlangoni kwao kila alasiri. Walimu wa shule ya Jumapili wakawaka moto. Ndani ya siku tano walikuwa wameandaa kifurushi cha vitabu vya picha na mistari ya kukariri, wakakituma. Kila mtu akafurahi, nami nikiwemo.

Jibu limekuja wiki ya 23, la upole mno. Wanashukuru sana. Ila watoto wa pale hawasomi lugha yetu, na yule Mchungaji Mwema wa kwenye picha amebeba mnyama ambaye watoto wamebishana juu yake siku nzima, wakakubaliana kuwa ni mbwa mwenye manyoya mengi.

Tulicheka mpaka machozi, lakini kazi na gharama zilikuwa zimeshakwenda. Nikakumbuka wale wawili wa kwanza wa Herrnhut waliokwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibea, kwa watumwa: David Nitschmann alikuwa seremala, akapata kazi ya kujikimu. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, na udongo wa kule haukumfaa. Ufundi alikuwa nao. Udongo ndio hakuwa ameujua.

Safari hii walimu wameanza kwa kuuliza. Wenzetu wametuma picha za vitu ambavyo watoto wale huviona kila siku, na binti mmoja wa kikundi cha vijana, mchoraji, anachora upya hadithi bila neno hata moja. Maneno wataandika wao kule, pamoja na majirani zao, kwa lugha ya pale. Binti huyu amekaa kanisani kwetu miaka sita na hakuna aliyejua kwamba anachora.

Wiki ya 26

Barua ya sita. Msomaji alikuwa yule muuguzi wa usiku. Alisoma vizuri mpaka ukurasa wa pili, akasimama, akatuangalia, akaendelea:

"Mnatuuliza habari za kazi na tunafurahi. Lakini ninyi hamtuambii habari zenu. Tumesikia kwa mtu mwingine kabisa kwamba mzee wetu wa maombi amefariki, na kwamba mlishamzika wiki tatu zilizopita. Yeye ndiye aliyetushika mikono siku ile. Tungeomba mtuambie nasi tulie nanyi."

Kanisa likawa kimya. Mjane wa mzee alikuwepo.

Fundi wa visima hakunitazama, namshukuru kwa hilo.

Jioni nilirudi kwenye Wafilipi. Kanisa lilimtuma Epafrodito ampelekee Paulo msaada. Epafrodito akaugua karibu ya kufa. Filipi wakapata habari kwamba anaumwa, naye akapata habari kwamba wamepata habari, akahangaika kwa ajili yao. Paulo anamrudisha ili wafurahi na yeye apunguziwe huzuni. Nimeisoma mara nyingi kama habari ya ugonjwa tu. Leo nimeona jinsi habari zilivyokuwa zikienda na kurudi, kwa miguu na kwa merikebu, na sisi tuna simu mfukoni. Paulo anauita ushirika wao "kutoa na kupokea". Sisi kwa miezi sita tumefanya kutoa, na tukajipongeza.

Wiki ya 27

Kanisa limeandika barua. Tuliweka meza nyuma baada ya ibada, karatasi na kalamu, na asiyeandika akaandikiwa. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya chakula cha kambi ya vijana. Watu waliandika vitu vya ajabu: nani kabatizwa, nani kahama kwa hasira, mtoto wa nani kaanza shule, paa linavuja wapi. Mjane wa mzee alitaka mistari miwili tu, na kwamba ule wa pili nisiusome. Niliuandika akininong'oneza, kwa hiyo naujua, lakini hautaingia humu.

Mweka hazina naye akakaa kwenye meza. Aliandika mwenyewe kwamba michango imeshuka, akaeleza kwa nini, na mwishoni akaongeza kwamba yeye binafsi hajatimiza ahadi yake kwa miezi miwili kwa sababu kazi yake imesimama. Kamati hatukuwa na habari. Tuliisikia kwa kuwa alikuwa anawaandikia watu walio mbali.

Wiki ya 30

Nisiwadanganye wa kamati zijazo watakaosoma shajara hii: michango haikupanda kwa sababu ya barua kusomwa. Ilishuka, ikatulia, imeanza kupanda kidogo. Kilichobadilika ni kwamba wanaoshindwa sasa wanakuja kusema, na mara mbili kikundi kingine kimebeba mzigo wao. Viwango vya wiki ya kwanza hatukuvirudia. Mweka hazina mwenyewe havitaji tena. Familia mbili zilimtafutia vibarua, na wiki iliyopita amepata kazi.

Wiki ya 31

Barua ya saba imesomwa na mama mwenye mtoto mchanga, mtoto akiwa mgongoni. Naweka habari moja tu.

Wenzetu waliyanakili majina yote ya ile barua yetu kwenye karatasi kubwa wakaibandika ukutani, na kila jioni huyaombea machache. Jirani, yule wa homa, akauliza hayo ni majina ya nani. Mke akamjibu kwa lugha yake ya kubabaisha: ni watu walionituma. Jirani akaweka kidole kwenye jina moja, bila kuchagua. Lilikuwa la mjane wa mzee. Mke akasema, huyu mume wake amekufa. Jirani akakaa chini. Akasema na wake pia, mwaka jana, na ana watoto wawili, na kwamba tangu afiwe hakuna aliyemwuliza habari hizo. Akataka kujua huyo mama wa kwenye karatasi anaamini nini mpaka jina lake lifike huku.

Wakaongea mpaka giza likaingia. Barua inasema sarufi ilikuwa mbaya sana.

Bibi wa safu ya pili alinigeukia palepale katikati ya usomaji, hakungoja ibada iishe. "Wawili," akasema, na kuonyesha vidole viwili. Lilikuwa ni jibu la swali lake la wiki ya 15.

Mjane wa mzee ameomba jina la jirani. Limo kwenye sehemu ya pili ya barua, ile ya watu saba. Tumemwingiza, sasa ni wanane.

Wiki ya 33

Michoro 12 ya yule binti imekamilika na kutumwa. Hakuna kondoo.

Wiki ya 35

Zamu ya kusoma ni ya fundi wa visima. Jana saa 4 usiku akanipigia simu kwamba barua ya nane imemfikia.

"Wanasemaje?" nikauliza.

"Jumapili, Katibu," akasema, akakata.